Jiwe Ndani ya Gogo la Mvule

Msumeno ulishapita mara mbili bila tatizo. Mara ya tatu ulilia. Mlio wenyewe haukuwa ule wa meno yanayokula mti mgumu. Ulikuwa mkali, wa chuma kilichokutana na kitu kisichopisha, na kijana aliyekuwa akilisukuma gogo akaruka kando kabla mashine haijazimwa. Mkanda wa msumeno ulipofunguliwa, sehemu kubwa ya meno yake ilikuwa butu kabisa na mengine yamekatika shinani. Gogo likabaki pale juu ya reli, limepasuliwa nusu.

Lilikuwa gogo la mvule, nene kiasi kwamba watu wawili wakilikumbatia vidole vyao vinakutana kwa shida. Upepo wa msimu wa mvua ulikuwa umeung'oa mti huo shambani kwa mama mmoja mjane. Waliokuja mbio kutaka kuununua walitaka kuchoma mkaa. Mama akakataa. Alitafuta kibali cha kulisafirisha gogo, akataka lipasuliwe mbao apate milango miwili ya nje, madirisha manne na meza moja ndefu ya kukalisha ukoo mzima. Seremala aliyepewa kazi hiyo ni mimi, kwa hiyo simu ilipopigwa, nilipigiwa mimi.

Nilipofika, maneno yalikuwa yameshapanda.

“Mama, mti huu ulipigiliwa chuma,” mzee mwenye mashine alikuwa akisema. “Mkanda wangu umekufa. Mwenye gogo ndiye mwenye deni.”

“Mzee wangu, niliolewa nikaukuta mti huo shambani,” mama akajibu. “Hajatokea mtu kuupiga hata msumari mmoja. Labda chuma kimetoka kwenye mashine yako.”

Mzee akasema mbao hazitoki pale mpaka mkanda ulipwe. Mama akasema gogo haliguswi tena mpaka ndugu zake waje. Wote wawili walikuwa wanasema kweli kwa kadiri walivyojua, na wote wawili walikuwa wamekosea kuhusu chuma.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ugomvi wa aina hii unafuatana na mvule popote unapopasuliwa, na nimeona ukimalizika kwa mtu asiye na kosa kulipa, au kwa gogo zuri kukatwa vipande vya kuni kwa hasira. Mti uliochukua miaka mingi namna ile kukua haustahili kuishia hivyo.

Tulichokikuta kwenye mpasuo

Swali langu la kwanza lilikuwa la cheche. Chuma kikigongana na chuma kwa kasi ya msumeno wa mkanda, cheche huonekana. Kijana aliyekuwa karibu na gogo alisema hakuona hata moja. Alichoona ni vumbi jeupe likitoka mahali ambapo muda mfupi kabla ulikuwa ukitoka unga wa manjano. Jibu hilo lilinitosha mimi, ila mzee alihitaji kuona kwa macho yake, na alikuwa na haki.

Tukaligeuza gogo, tukapiga kabari kwenye mpasuo ule ule mpaka ubao ukaachia. Ndani ya kiini, ile sehemu ya katikati ya mti, kulikuwa na kitu cha kijivu kilichofifia, kirefu kama kiganja na kipana kama vidole vitatu, kimelala sambamba na nyuzi za mti kana kwamba mti ulikua ukikizunguka. Ndivyo ilivyokuwa. Meno ya msumeno yalikuwa yamechora mistari juu yake. Mti uliokishika pande zote ulikuwa wa kahawia iliyokolea kuliko kiini kingine, lakini haukuwa na doa jeusi. Msumari uliosahauliwa ndani ya mti mbichi kwa miaka huacha weusi kuuzunguka, weusi unaofuata nyuzi juu na chini. Hapa haukuwepo.

Nikaleta sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Haikushika kitu. Nikakikwangua kile kitu kwa ncha ya kisu, kikatoa unga mweupe. Nikaudondoshea unga huo matone ya ndimu, ukachemka mapovu madogo madogo mbele ya mama, mzee na vijana wote wa mashine. Mzee akaomba ndimu, akajaribu mwenyewe. Mapovu tena.

Hicho ndicho mafundi wengi wanakiita jiwe la mvule. Ni kalsiamu kabonati, chokaa ile ile inayofanya matumbawe na maganda ya kombe, ila hii imejengwa ndani ya mti uliosimama. Wakati mwingine huwa punje ndogo kama mchanga, wakati mwingine donge kama ngumi, na wakati mwingine bamba pana lililojificha ndani kabisa, ambalo kwa nje huwezi kuliona.

Mzee akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. “Fundi, kama kisu kinakikwangua, kimewezaje kuvunja meno ya chuma?” Kweli, chuma cha msumeno ni kigumu kuliko chokaa. Lakini jino la msumeno wa mbao limenolewa kuwa na ncha nyembamba ya kukata nyuzi, halikutengenezwa kwa ajili ya kusaga mwamba. Ncha hiyo ikikutana ghafla na donge lililobanwa pande zote na mti mgumu, donge halina pa kukimbilia na mkanda uko kwenye kasi. Jino la kwanza likifa, linalofuata linabeba mzigo wa mawili, na kuendelea. Mtu akichelewa kuzima mashine kwa muda mfupi tu, mkanda mzima umeisha. Kilichouokoa mkanda ule usikatike na kuruka usoni kwa watu ni wepesi wa yule kijana.

Chokaa inaingiaje mtini

Mvule, kitaalamu Milicia excelsa, zamani ukiitwa Chlorophora excelsa, ni ndugu wa mfenesi, mkuyu na mforosadi. Ukiuchanja unatoa utomvu mweupe kama wao. Ni mti wa misitu ya tropiki ya Afrika, kutoka magharibi hadi mashariki ya bara, unaoweza kufika mita 50 kwenda juu na kuwa na shina lililonyooka bila tawi kwa nusu ya urefu huo. Wayoruba wanauita iroko, na jina hilo ndilo lililosafiri na mbao zake hadi Ulaya. Ghana ni odum. Kongo ni kambala. Wapo wauzaji wanaouita msaji wa Afrika, jina ambalo mimi silipendi, maana msaji si ndugu yake hata kidogo, na mnunuzi anayetarajia tabia za msaji atashangazwa na mawe.

Mvule hutengeneza ndani yake chumvi ya asidi ya oksali, na oksali hiyo hujishika na kalsiamu inayopandishwa na mizizi ikawa fuwele ndogo sana. Peke yake hiyo si ajabu. Mimea mingi hufanya hivyo. Jambo la pekee linatokea pale sehemu ya mti inapokufa au kujeruhiwa. Kuvu na mchwa huanza kuila, fuwele za oksali zinabaki wazi, na wanakuja bakteria ambao chakula chao ni oksali. Wakiila, kinachobaki ni kabonati, na mazingira ya mahali hapo yanaacha kuwa na asidi na kugeuka kuwa ya alkali. Kabonati ikikutana na kalsiamu iliyo tayari kwenye maji ya mti, inaganda kuwa chokaa. Kidonda kikikaa wazi kwa miaka na maji ya mti yakiendelea kupita, tabaka linaongezeka juu ya tabaka. Baadaye mti unakifunika kidonda kwa gome jipya, unanenepa, na jiwe linazama ndani.

Kwa hiyo jiwe la mvule mara nyingi lina anwani. Anwani yake ni kidonda. Tulipolizunguka gogo la mama tuliona, upande ule ule uliokutana na msumeno, mahali ambapo gome lilikuwa limejikunja kama mdomo uliofungwa vibaya, kovu refu lenye uvimbe chini yake. Mama akainama akalitazama, akasema mkwewe aliwahi kumsimulia kuwa tawi kubwa la upande huo lilipasuliwa na radi kabla yeye hajazaliwa. Hakuna aliyekuwa amelitazama kovu hilo gogo lilipopakiwa, liliposhushwa, wala lilipowekwa kwenye reli.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ajali ilipotokea. Mlio wa msumeno ulikuja kutangaza tu.

Nani alipe mkanda

Mzee sasa alikubali kwamba hakuna chuma. Akabadilisha hoja: chuma au jiwe, lilikuwa ndani ya gogo la mama, na asiyeleta gogo hali hasara. Hoja hiyo ina nguvu kwa mti mwingine. Mtu akileta gogo la mti wa uani lililokaa na misumari ya kamba za nguo, anajua au angepaswa kujua, na anatakiwa aseme kabla mashine haijawashwa.

Kwa mvule niliona tofauti, na nikasema wazi mbele ya wote. Mama ni mkulima. Hakuna namna angejua kilichomo ndani ya mti uliomzidi umri. Mzee amepasua mbao maisha yake yote, na mawe ya mvule si siri kwa wapasuaji. Ni tabia ya mti huu kama miiba ilivyo tabia ya mchongoma. Anayekubali kuupasua amekubali na tabia zake. Upande mwingine, mama alisisitiza gogo lipasuliwe siku ile ile ili lori alilokodi lisimkimbie, na haraka hiyo ndiyo iliyofanya gogo lisikaguliwe. Haraka ilikuwa ya mama, uzembe wa kutokagua ulikuwa wa mashine.

Pendekezo langu lilikuwa mzee abebe mkanda, na mama aongeze malipo ya kupasua sehemu iliyobaki polepole, kwa mkanda wa zamani usio na thamani kubwa. Hawakunifuata kikamilifu. Waliafikiana mzee achukue mbao mbili za kiini badala ya mkanda, na kupasua kulikobaki kuwe bila nyongeza. Kwangu mimi ubao mmoja ungetosha, na niliona uchungu kidogo kwa ajili ya mama, kwa sababu mbao zilizotoka katikati ya gogo lile zilikuwa safi kupita kiasi. Lakini yeye ndiye aliyetoa kauli: “Mzee, chukua mbili, tusifanye mti huu uwe wa ugomvi.” Mzee akaondoa kofia. Sikuwa na la kuongeza.

Kupasua kilichobaki

Hakuna kifaa cha kawaida cha karakana kinachokuambia jiwe liko wapi. Kile chombo cha kutafuta misumari kinalia kwa chuma, chokaa hakiisikii. Kinachobaki ni macho, masikio na subira.

Tukatoa magome yote kwa shoka, kwa kuwa kovu lililofunikwa vizuri huonekana zaidi chini ya gome kuliko juu yake. Kila uvimbe, kila tundu la tawi lililooza na kila mkunjo tukauzungushia chaki. Tukatazama ncha mbili za gogo kutafuta madoa ya kahawia nzito yanayoingia ndani. Tukagonga kwa nyundo. Mti mzima unaitika vingine na sehemu yenye donge au uwazi, ingawa kwa gogo nene namna ile sikio linaweza kudanganya. Kisha tukaamua upande wenye kovu usiguswe na msumeno kabisa. Ulipasuliwa kwa kabari na shoka, na ndani yake tukatoa donge la pili la ukubwa wa ngumi, halafu vipande vyembamba kama vigae, vimepangana kufuata mstari wa kidonda. Kama msumeno ungefuata mpango wa kwanza, mkanda wa pili ungekufa pale pale.

Upande huo tukauacha kama banzi nene. Baada ya mawe kutoka, ulitoa vipande vifupi vya kutosha miguu ya meza na vibao vya kuunganishia fremu. Sehemu iliyobaki ilipasuliwa bila mlio wowote.

Mbao zenyewe

Mbao mbichi ya mvule ni ya manjano, na mtu asiyeijua anaweza kudhani ameuziwa kitu kingine. Mwanga na hewa huibadilisha, ikawa ya dhahabu, kisha kahawia. Nilimwambia mama asihangaike kuipaka rangi ya kuikoleza. Aiache, itakolea yenyewe.

Kati ya kiini na gome kuna sehemu nyeupe yenye upana wa kama sentimita 5 hadi 7. Hapa ndipo wengi huibiwa au hujiibia. Kiini cha mvule kinastahimili mchwa, kuvu na mvua kwa namna ambayo miti michache inaiweza. Ile sehemu nyeupe haina kinga hiyo. Bungua huingia na kuigeuza unga ndani ya muda mfupi. Ukimuona mtu analalamika kuwa mlango wake wa mvule umebunguliwa, tazama ukingo wake, mara nyingi utakuta fundi alibana mbao kwa kuacha ukanda mweupe. Mimi niliuondoa wote, ingawa ulipunguza upana wa meza. Mama aliniuliza kama si hasara, nikamwonyesha tundu la kwanza la bungua ambalo lilikuwa limeshaanza kwenye banzi lililokaa nje siku chache.

Tulizipanga mbao kwenye kivuli penye upepo, na vijiti vya kutenganisha kila safu, ncha zimepakwa rangi zisikauke haraka na kupasuka. Mvule unakauka kwa utulivu. Haujikunji sana wala kusinyaa sana, na hiyo ni moja ya sababu unapendwa kwa milango na madirisha, vitu ambavyo vikivimba kidogo tu vinagoma kufunga. Ukiwa mkavu, mita moja ya ujazo inakuwa na kilo 650 hivi. Uzito huo ni wa kati: mzito wa kutosha kwa mlango wa nje, mwepesi wa kutosha mtoto aufungue.

Tabia hizo hizo ndizo zilizoupeleka mvule kwenye mashua na majahazi, mataruma ya reli, malango ya mifereji, sakafu, ngazi, makabati, meza za maabara na mbao za kando ya sinki. Unashika msumari na skrubu vizuri, unakubali gundi. Wapo wanaouchonga, wapo wanaouchana kuwa karatasi nyembamba za kufunikia mbao za hali ya chini. Magome yake yametumika kwenye dawa za asili na kutia rangi. Mkaa pia, na ni kweli unawaka vizuri. Lakini kuchoma mkaa gogo lenye kiini kama kile ni jambo ambalo bado linanikera kulisikia.

Matatizo yake kwenye meza ya seremala ni matatu, nikiacha mawe. La kwanza ni nyuzi. Nyuzi za mvule hupishana, tabaka moja linaelekea huku na lililo chini yake kule, kwa hiyo randa ikipita safi upande mmoja inang'oa vipande kwenye ukanda wa jirani. Nilinoa randa mara mbili zaidi ya kawaida, nikatoa maranda membamba sana huku nimeipinda randa kidogo, na palipogoma nikamalizia kwa kukwarua na bamba la chuma kabla ya msasa. Kazi ni ndefu. Malipo yake ni ile michirizi ya mwanga inayobadilika ukitembea mbele ya mlango.

La pili ni vumbi, na hili nalisema kwa uzito. Unga wa mvule unawasha. Ndani ya kiini kuna kemikali, kloroforini, ambayo ni sehemu ya kinga yake dhidi ya wadudu, na hiyo hiyo inaweza kumletea mtu vipele, macho kuvimba, mafua yasiyoisha, hata pumu. Mwanafunzi wangu alipiga msasa siku nzima bila barakoa kwa sababu sikumwangalia, na asubuhi yake kope zilikuwa zimevimba hata hafungui macho. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo mvule unapigwa msasa nje, kwa barakoa, mikono mirefu, na mtu akishaanza kuwashwa haguswi tena na kazi hiyo, maana mwili ukishaukataa hauzoei, unazidi.

La tatu ni vanishi. Kemikali hizo hizo za ndani huchelewesha baadhi ya vanishi za mafuta kukauka. Dirisha la kwanza lilibaki linanata siku ya tatu. Nikalikwangua lote, nikaufuta uso wa mbao kwa kitambaa chenye thina, na kabla haujapata muda wa kutoa mafuta tena nikapaka tabaka jembamba la kuziba, ndipo vanishi. Likakauka. Mengine nikayafanya hivyo tangu mwanzo.

Shimo la mizizi

Baada ya milango kusimama, nilikwenda shambani kuona mti ulikotoka. Upepo ulikuwa umeung'oa na bonge la udongo. Udongo wa pale ni mwekundu, wa aina ile iliyooshwa na mvua nyingi mpaka ikabaki na asidi, ambamo chokaa haitarajiwi kabisa. Lakini katikati ya mizizi, na kwenye kuta za shimo, kulikuwa na vipande vyeupe. Nilikuwa na ndimu mfukoni. Mapovu.

Jambo hilo limepimwa na wanasayansi. Huko Kodivaa walichunguza kisiki cha mvule wa miaka 80 na udongo uliokizunguka, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004 walikuta takriban tani moja ya kaboni iliyogandishwa kuwa madini, ndani na kando ya kisiki hicho. Kaboni iliyo kwenye majani na matawi hurudi hewani yakioza au kuchomwa. Iliyogeuka chokaa ardhini inaweza kukaa mamia ya miaka, na hata zaidi sana ya hapo. Kitu kile kile kilichovunja mkanda wa mzee, mti ulikuwa ukikitengeneza chini ya miguu ya watu muda wote, na kuupunguzia udongo asidi.

Kijana wa mama alitaka kupanda mivule mingine mahali pale, mistari iliyonyooka, yote mivule. Ilinibidi nimkatishe tamaa. Kuna mdudu mdogo sana, Phytolyma, anayetaga kwenye majani na machipukizi machanga ya mvule. Wadogo wake wakiingia ndani ya jani, jani linavimba vifundo vya kijani, vifundo vinapasuka, vinaoza, na ncha ya mche inakufa. Mche unachipua tena, mdudu anarudi. Mashamba ya mvule mtupu yameshindwa mara kwa mara kwa sababu yake, na ndiyo maana mti unaouzwa dunia nzima hauna mashamba makubwa kama ya msaji. Miche iliyotawanywa mbalimbali, ikichanganywa na miti mingine na kupata kivuli chepesi ikiwa michanga, inapona zaidi. Ghana wametumia miaka kutafuta miche ambayo kwa asili mdudu haiwezi sana.

Pia mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Jike ndilo linalozaa yale matunda ya kijani yenye umbo la kiwavi mnene, na popo wakubwa walao matunda huyabeba usiku na kudondosha mbegu mbali. Ukikata majike yote ya eneo, au ukiwafukuza popo, hutapata mche hata ukiombea.

Lakini kazi ya kuanza upya ilikuwa imeshaanza bila sisi. Mizizi iliyobaki ardhini, mbali kidogo na shimo, ilikuwa imechipua mahali patatu. Tuliacha machipukizi mawili, moja likiwa chini ya kivuli cha mwembe, tukayawekea uzio wa miti mbuzi wasiyafikie. La tatu lilikuwa tayari na vifundo kila jani, tukalikata na kulichoma.

Jiwe la kwanza, lile lenye mistari ya meno, mzee aliliomba. Liko kwenye dirisha la chumba cha mashine, pembeni ya kipande cha chaki. Gogo la pili la mvule lililofika kwake baada ya hapo lilikuwa na kovu refu upande mmoja. Alinipigia simu nije nilione kabla hajawasha mashine.